Maneno ya kortini ya Kiurdu: nusu ni ya kwetu, nusu yanakuingiza chaka

Stoo Namba Tisa (#1)

Wakuu, salaam.

Nipo Muscat, nafanya kazi stoo. Chumbani tuko wanne, mmoja Mpakistani wa Punjab, mtu mzima, sote tunamwita Chacha, yaani baba mdogo. Juzi kaletewa kwenye simu picha za karatasi za mahakama ya kwao, kesi ya shamba la urithi. Karatasi zote Kiingereza. Kiingereza cha Chacha kinaishia "yes boss", kwa hiyo msomi wa chumba nikawa mimi na kidato cha nne changu.

Tukakaa kitandani, simu katikati. Ndani ya ugomvi wa shamba kuna na kesi ya kupigana, mtoto wa ndugu yake alikamatwa. Nikafika kwenye neno "bail", nikakwama. Kiarabu changu ni cha sokoni, Kihindi changu ni cha filamu. Ikanitoka tu: dhamana. Akaruka: "Zamanat! Zamanat ho gayi?" Macho yamemtoka, anauliza kama kijana kapata dhamana.

Basi tukaanza mchezo. Rehani, yeye rehn. Wasia, yeye wasiyat. Rushwa haikuwemo kwenye karatasi lakini tuliitaja, akacheka, rishwat. Nikamwambia "wakili wa serikali", akanijibu "sarkari wakil". Aisee, nilihisi mwili kusisimka.

Kichwa kikavimba. Nikamwambia kijana kapelekwa mahakamani. Akauliza, mehkma ipi? Nikasema mahakama bwana, mahakama. Dakika kumi nzima Chacha anajua mpwa wake kashikiliwa na idara fulani ya serikali, sijui ya umwagiliaji, sijui ya elimu.

Haya maneno yalifikaje kote kuwili? Na wenye kujua Kiurdu mtaje yenye mtego, maana kesi inaendelea na mkalimani ni mimi.

Kigoda (#2)

Jibu fupi: Kiarabu. Kiurdu ni Kiarabu kilichopinda. Mods fungeni uzi.

Binti wa Kuze (#3)

Usifungwe. Kigoda, Kiurdu si Kiarabu hata kidogo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mpunjabi wa hapa Mombasa, na kwao nyumbani kilikuwa ni Kiurdu, najua ninachosema. Sarufi yake ni ile ile ya Kihindi. Tofauti ni maandishi na yale maneno mazito ya kisomi, na hayo mengi yalipitia Kiajemi kwanza. Ndiyo siri ya z ya Chacha. Waajemi hawaitamki ile dh ya Waarabu, kwa hiyo dhamana ikawa zamanat, kadhi akawa qazi, karadha ikawa qarz. Sisi tuliyachukua kwa Waarabu wenyewe, wa Hadhramaut na Oman.

Stoo, kuhusu mtego wako: mehkma kwao ni idara. Idara ya hali ya hewa ni mehkma, idara ya elimu ni mehkma. Korti ni adalat, shina moja na adili na uadilifu wetu. Na mtego mkubwa kuliko huo ni sheria. Kwetu sheria ni sheria yoyote, hata ya usalama barabarani. Kwao shariat ni ya dini tu. Ukimwambia Chacha una shahada ya sheria ataomba umsalishe. Sheria ya bunge kwao ni qanun. Sisi tukaishusha cheo hiyo qanun ikawa kanuni, zile anazotunga waziri chini ya sheria mama. Yaani wao na sisi tumegeuza juu chini.

Stoo Namba Tisa (#4)

Dada umeniokoa. Hapo pa kusalisha nimecheka peke yangu stoo, msimamizi kanitazama.

Mzee wa Jalada (#5)

Nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi, sasa nimestaafu. Ninyi mnatazama lugha tu, sheria zenyewe mmezisahau. Waingereza walipotutawala hawakutuletea sheria za London moja kwa moja. Walitupitishia Bombay. Kenya ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 hadi ilipopata ya kwake mwaka 1930. Tanganyika ilitungiwa sheria mwaka 1920 ya kuziingiza sheria za India kwa jumla. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 sisi Tanzania tumeitumia hadi tulipotunga yetu mwaka 1967. Makarani, wahasibu, polisi, wengi walitoka huko huko. Nilipoanza kazi masjala, karani mkuu wetu mwenye asili ya Kihindi aliitwa munshi na kila mtu. Na kule Pakistan mpaka leo karani wa wakili anaitwa munshi. Kwa hiyo msiseme Waarabu tu. Lugha ya korti ilikuja na meli ya Wahindi pamoja na rupia.

Ngalawa (#6)

Mzee Jalada, heshima yako, ila hapo sikubali. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, na alipofika Mogadishu aliyempokea ni kadhi. Mwingereza huyo alikuwa wapi? Kadhi, shahidi, wakili, wasia, mirathi, wakfu, hayo yalikuja na dini na biashara. Mhindi aliyakuta tayari tunayo.

Mzee wa Jalada (#7)

Sikusema kadhi kaja na Mhindi. Soma tena. Nimesema lugha ya *korti*. Kadhi wa zamani hizo sijui kama alikuwa na jalada, masjala na daftari la mashauri kama letu.

Ngalawa (#8)

Daftari nalo ni la Kiajemi, mzee. Serikali pia ni ya Kiajemi, sarkar. Desturi, diwani, yote hayo. Watawala wa Vumba Kuu, mji wa kale wa pwani yetu, walikuwa wakiitwa diwani kabla hatujasikia habari za Bombay.

Kigoda (#9)

Sasa tumehama Uarabuni, tumepita India, tupo Iran. Kesho Uchina. Naweka kambi hapa na kahawa yangu.

Stoo Namba Tisa (#10)

Hiyo diwani mliyoitaja! Kwenye karatasi za Chacha kuna kesi mbili. Ya shamba anaiita diwani, ya kupigana anaiita faujdari. Nilidhani diwani wa kata kaingilia ugomvi.

Binti wa Kuze (#11)

Diwani ni kesi ya madai, faujdari ni jinai. Fauj ni jeshi, cheo cha faujdar ni cha enzi za Wamughal, watawala wa India kabla ya Mwingereza. Na tahadhari, diwani hilo hilo kwa Kiurdu ni mwanamke aliyepagawa na mapenzi. Usimwite hivyo mheshimiwa wa kata yenu.

Kigoda (#12)

Wa kwetu ni mwanamume, lakini kupagawa kapagawa. Barabara tangu uchaguzi ule.

Stoo Namba Tisa (#13)

Nimerudi na mengine kutoka kwa Chacha. Anasema kijana alilala "hawalat" usiku mbili. Kwangu hawala ni kutuma pesa, nikajua kalala dukani kwa mtuma pesa. Kumbe ni mahabusu ya polisi.

Halafu wakili wa utetezi anaitwa wakil-e-safai. Safai! Nikamuuliza, safai si kufagia? Akasema ndiyo, kufagia ni safai pia. Kwa hiyo wakili wa utetezi ni wakili wa usafi, anamsafisha mteja.

Na hakimu je? Nilimwambia hakimu kaahirisha kesi, akanishika tumbo akauliza naumwa nini.

Mshale wa Bububu (#14)

Yakhe, hiyo ya hakimu nakujibu mimi. Yapo mawili. Lenye a ndefu mbele, haakim, ni mtawala, mwenye kuhukumu. Lenye i ndefu nyuma, hakiim, ni mwenye hekima, na huko kwao ni mganga wa dawa za miti. Sisi tumefupisha yote, hakimu akabaki wa korti na hekima ikabaki ya wazee. Ukamwambia tabibu wa mitishamba kaahirisha kesi, mwache akushike tumbo.

Shahidi nako hivyo hivyo. Ukilitaja kwa Chacha atasita. Kwa Kiurdu shahiid ni aliyekufa kwa ajili ya dini au nchi. Wa kortini ni gawah, neno la Kiajemi. Siku utakapomwambia "wanahitaji mashahidi watatu" atakimbia chumba.

Kigoda (#15)

Naongeza langu nisije nikaonekana mpiga kelele tu. Kuna rafiki yangu Dubai kanifundisha: mulzim ni mhalifu. Andika hapo Stoo.

Binti wa Kuze (#16)

Usiandike, Stoo! Mulzim ni mshtakiwa, bado hajathibitika. Aliyetiwa hatiani ni mujrim. Ukichanganya hayo mawili mbele ya Chacha umemfunga mpwa wake. Akiachiwa huru, wenyewe husema baizzat bari, katoka na izza yake.

Kigoda (#17)

Nimefuta rafiki.

Mzee wa Jalada (#18)

Hilo si la kucheka sana. Sisi wenyewe magazeti yetu yanamwita mtu "mwizi" siku aliyokamatwa, na neno mshtakiwa tunalo, na mtuhumiwa tunalo.

Stoo, angalia na namba. Wapakistani hutaja kosa kwa namba ya kifungu, wao husema dafa. Dafa 302 ni kuua kwa kukusudia, kila mtoto anaijua. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 302 ni kujipatia mali kwa udanganyifu, na kuua kwa kukusudia ni 196. Wao kanuni yao ni ile ile ya 1860 iliyofanyiwa marekebisho. Yetu ya 1930 iliandikwa upya kwa mfano mwingine, ndipo namba zikaachana.

Ngalawa (#19)

Na udanganyifu wao ni 420. Wahindi wa Kariakoo wazee walikuwa wakimwita tapeli "chaar sau biis", yaani mia nne ishirini. Marehemu babu alinunua redio kwa mmoja, akarudi nayo mwenyewe akiimba hiyo namba bila kujua maana.

Stoo Namba Tisa (#20)

Hapo kwenye 302 pameniletea kazi nyingine. Chacha alikuwa akinisimulia kesi ya kijiji cha jirani, akasema familia "imesamehe qisas". Kisasi unakisamehe kortini? Kwetu ukitaja kisasi hakimu anakuwekea masharti ya kutunza amani.

Binti wa Kuze (#21)

Kwao qisas ni adhabu yenyewe ya mahakama, malipo ya sawa kwa sawa, iliingizwa kwenye kanuni ya adhabu kuanzia mwaka 1990. Warithi wa aliyeuawa wanaweza kusamehe au kupokea diyat, ile dia, fidia ya damu, ya vitabu vyetu vya fiqhi, yaani sheria za dini. Neno letu limetoka huko huko ila limetoroka korti, likaenda kuishi na wahuni wa mtaani. Nadhani kadiri mahakama za Kiingereza zilivyochukua jinai kutoka kwa makadhi, ndivyo maneno ya jinai ya kifiqhi yalivyobaki bila kazi. Ya ndoa na mirathi yalibaki kwa kadhi, ndiyo maana hayajapinda. Talaka ni talaq, mahari ni mahr, eda ni iddat, khului ni khula.

Ngalawa (#22)

Nadharia nzuri, ila dhamana na rehani si za ndoa na hazijapinda.

Binti wa Kuze (#23)

Rehani ni ya biashara. Mfanyabiashara hakubali neno lipinde, atapoteza pesa.

Ngalawa (#24)

Na hawala je? Hiyo nayo ni ya biashara, mbona kwao imekuwa selo?

Binti wa Kuze (#25)

Nipe usiku mmoja.

Ukhti wa Seeb (#26)

Nimekuwa nasoma kimya tangu asubuhi. Kwa kuwa mmefika kwenye ndoa, nina la kwangu. Dada yangu aliolewa na kijana wa Karachi, nikah ikasomwa huko. Fomu yao inaitwa nikahnama, ya serikali, ina vipengele vyenye namba. Kaka yetu akaridhika kwa sababu kila neno aliloliona analijua: nikah, mahr, wakil, gawah akauliza akaambiwa. Akatia saini.

Mwaka uliofuata mambo yakaharibika, tukaipeleka kwa mtu anayejua kusoma. Kipengele cha 18 kinauliza kama mume amempa mke haki ya kujitaliki. Wao wanaita tafwiz, mashehe wetu wanajua kutafwidhi, dh ile ile aliyoitaja Binti. Kipengele chote kilikuwa kimepigwa mstari kwa kalamu, mstari mmoja mnyoofu, hata rula ilitumika. Aliyeupiga ni mwandishi wa ndoa kabla hata hawajafika sebuleni, wala hakuna aliyeulizwa. Kaka anasema aliuona, akadhani ni pa kujaza ofisini.

Dada ilibidi aende kwa khula mahakamani, akarudisha mahari. Kwa hiyo Stoo, maneno yanayofanana ndiyo yaliyotuponza. Yale mageni tuliyauliza.

Stoo Namba Tisa (#27)

Pole sana Ukhti. Hiyo fomu nimemuuliza Chacha, anasema kwenye ya binti yake hata hajui kama kina namba.

Mwanasheria Njaa (#28)

Wadau, mbona hakuna aliyeuliza kwa nini karatasi za Chacha ni za Kiingereza hapo mwanzo? Katiba ya Pakistan ya mwaka 1973, ibara ya 251, inasema lugha ya taifa ni Kiurdu na ikatoa miaka 15 ya kukiingiza kwenye shughuli rasmi. Hesabuni, ilikuwa iishe 1988. Tarehe 8 Septemba 2015 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Jawwad Khawaja ikaamuru serikali itekeleze, na siku iliyofuata jaji mwenyewe akastaafu. Mpaka leo shahidi anaongea Kiurdu au Kipunjabi, na hukumu inatoka Kiingereza.

Kabla hamjawacheka, sisi Tanzania tulibadili sheria mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Miaka yote kabla ya hapo mama yangu alisimama kwenye baraza moja la ardhi, silitaji, akajieleza kwa Kiswahili safi, mwenyekiti akamuuliza kwa Kiswahili, akaandika Kiingereza, akamkabidhi kurasa kumi na moja za uamuzi. Mama alizihifadhi kwenye mfuko wa unga. Nilipopata nafasi ya kumsomea, siku za kukata rufaa zilikuwa zimeshapita.

Mshale wa Bububu (#29)

Mwanasheria, pole kwa bibi mkubwa. Lakini wallahi, hata wakiandika Kiurdu Chacha ataelewa? Kiurdu cha korti nacho si cha jikoni. Delhi mwaka 2019 walipelekana Mahakama Kuu kwa sababu hiyo hiyo, ripoti za polisi zinaandikwa kwa maneno ya Kiurdu na Kiajemi asiyoyajua mlalamikaji. Polisi wakatoa orodha ya maneno 383 ya kuyaacha. Kiajemi kiliondolewa kwenye mahakama za huko mwaka 1837, lakini kiliondoka kiti tu, nguo zimebaki msumarini.

Stoo, mjaribu. Muulize "muddaa alaih" ni nani.

Stoo Namba Tisa (#30)

Nimemuuliza. Kafikiri sana. Kasema ni mtu wa dini.

Mshale wa Bububu (#31)

Ni yeye! Ni mdaiwa. Muddai ni mdai, muddaa alaih ni anayedaiwa. Chacha ni mdaiwa kwenye kesi yake mwenyewe na hajui.

Mzee wa Jalada (#32)

Msimcheke. Nimeona wangapi dirishani kwangu wakiuliza "mjibu rufani" ni nani, na ni wao.

Mwanasheria Njaa (#33)

Mshale, hoja yako naielewa ila inanitisha. Ikiwa kila lugha rasmi ni ngeni basi tubaki na Kiingereza? "Mjibu rufani" unaweza kuelezwa kwa sentensi moja na mtu akashika. Jaribu kumweleza mama yangu neno "estoppel".

Kigoda (#34)

Ni nini hiyo?

Mwanasheria Njaa (#35)

Ndiyo hoja yangu.

Binti wa Kuze (#36)

Kitu kingine, maneno ya Kiingereza yenyewe yamezaa wajukuu huko. Karatasi ya stempu inaitwa ashtam, na muuzaji ni ashtam farosh. Judge ni jaj, appeal ni apil, summons ni saman. Kwa amri ya zuio lipo neno zuri la vitabuni, hukm-e-imtinai, lakini ingia kijiji chochote uliza, watakwambia "stay". Bibi yangu hakujua Kiingereza ila stay alilijua, ndugu zake walikaa na stay ya nyumba ya Lahore mpaka paa likaanguka.

Kuhusu hawala, Ngalawa: shina ni kuhamisha dhamana ya kitu kwa mwingine. Pesa unaihawilisha kwa wakala, mtu unamhawilisha kwa polisi. Nimelala nalo.

Ngalawa (#37)

Umelala vizuri, sijashawishika.

Stoo Namba Tisa (#38)

Wakuu, mrejesho. Jana usiku simu imepigwa kutoka kwao, Chacha kaweka sauti nje. Mdogo wake kasema neno "intiqal". Mimi Kiurdu nilishaanza kukionja, hilo nalijua, kwenye matangazo ya misiba ndilo wanaloandika mtu akifariki. Nikasimama, nikamshika bega, nikamwambia inna lillahi. Chacha kanitazama kama nimerukwa. Kumbe intiqal ni kuhamisha jina la shamba kwenye kitabu cha ardhi. Mdogo wake kafanikiwa kusimamisha hiyo intiqal, hakuna aliyekufa.

Sasa wakili kawaagiza walete "musaddiqa naqal" ya uamuzi.

Mzee wa Jalada (#39)

Nakala iliyothibitishwa. Sadiki na nakala, hapo hata mimi nimeelewa bila munshi. Mwambie waombe mapema, na walipie, na waondoke na risiti. Masjala ni masjala popote.

Stoo Namba Tisa (#40)

Nimemwambia. Nimemuuliza na kesi inarudi lini, akasema "tarikh" bado. Nikamwambia kwetu pia ni tarehe, na kwetu pia bado.

Kigoda (#41)

Mods, uzi huu uhamishwe jukwaa la Lugha au la Sheria? Ila mkisema Sheria, Chacha asije akavua viatu mlangoni.